Chupa Kumi na Moja Zilizozibwa na Maneno Ndani

Siku ile mjinga alikuwa Kizibo, na hakungoja mtu amwambie. Alijitangaza mwenyewe kabla ya saa sita mchana. Ila saa tatu asubuhi alikuwa bado mwerevu.

Saa tatu asubuhi alikuwa amesimama mbele ya mlango wa baa ya hoteli, shati jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono ingeweza kukata nyanya, tai ya kipepeo shingoni, na suruali nyeusi ambayo, baada ya miezi kumi na sita ya kukaa nyumbani, ilikuwa imekataa katakata kukutana na kifungo chake. Aliibana kwa pini akaifunika kwa aproni. Mhudumu wa baa haonyeshi pini. Miaka ishirini na miwili alikuwa amehudumu katika ukumbi ule, na jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwa mkewe na ofisi ya kodi tu. Wengine wote walimwita Kizibo, kwa sababu alikuwa akifungua bia mbele ya mteja kwa mkono mmoja, kizibo kikaruka, kikazunguka hewani, kikatua mfukoni mwa shati lake, naye anatazama kwingine.

Amri ya kufunga mabaa ilikuwa imelegezwa Jumatatu. Nusu ya viti, barakoa kwa wahudumu, kitakasa mikono mlangoni, milango ifungwe saa mbili usiku. Leo ilikuwa Alhamisi, na hoteli ilikuwa inafungua.

Mlangoni pameketi Bosi Mdogo na rundo la fomu. Bosi Mdogo alikuwa na miaka hamsini na mmoja, lakini marehemu baba yake ndiye aliyekuwa Bosi Mkubwa, na cheo hicho hakikuwemo katika mirathi.

"Karibuni nyumbani," alisema. "Kila mtu asaini, kisha kazi."

Kizibo alisaini wa kwanza, kwa madoido, mkia wa sahihi ukatoka nje ya mstari hadi ukagusa meza. Nyuma yake walijipanga wenzake saba, wa ukumbini na wa jikoni, ambao karibu wote yeye ndiye aliyewafundisha kazi, au angalau kuvaa tai.

"Sainini jamani, msiwe kama mnauza shamba," aliwaambia. "Mambo ya afya haya. Wanataka kujua kama una homa. Wewe una homa? Huna. Saini."

Wakasaini. Aliyebaki ni Mama Kaunta. Huyu alikuwa mke wa kaka yake Kizibo, na miaka kumi na tisa alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ile ya mbao, upande wa chupa. Aliishika fomu kwa mbali, akaisogeza, akairudisha kwa mbali.

"Shemeji," alisema Kizibo, "unasoma kama umeletewa posa."

"Posa niliisoma haraka haraka, ndiyo maana nikaishia kuwa na shemeji kama wewe," alijibu Mama Kaunta. "Hii nitaisoma polepole, na miwani." Akaikunja mara mbili akaitia mfukoni mwa aproni. "Kwanza vumbi."

Vumbi lilikuwepo la kutosha. Walilikabili kama watu wanaojua wanachofanya, na wanajua kwamba wanajua. Meza zilinyooshwa kwa uzi, kama fundi anavyonyoosha tofali. Bilauri mia mbili na arobaini zilioshwa kwa maji ya moto na siki, zikashikwa juu ya mvuke moja moja, zikasuguliwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha kila moja ikainuliwa dirishani. Iliyokuwa na alama ya kidole ilirudi kwenye karai bila kubembelezwa. Kizibo alibeba trei yenye bilauri ishirini kutoka jikoni hadi kaunta, akapita kati ya viti kiubavu, na hakuna hata moja iliyogonga mwenzake. Mpishi alisimama mlangoni kumwangalia.

"Mkono haujasahau," alisema mpishi.

"Mkono haukufungiwa," alisema Kizibo. "Uliofungiwa ni mdomo."

Zilibaki chupa. Siku ya kufunga, amri ilitangazwa redioni saa tisa alasiri, na askari walikuwa mlangoni kabla ya taarifa ya habari kwisha. Rafuni kulikuwa na chupa kumi na moja ziko wazi, zimevikwa vile vifuniko vyenye mdomo wa kumiminia. Mama Kaunta alivichomoa vifuniko vyote akaziziba chupa kwa vizibo vya gome, kwa nguvu, huku ukumbi mzima ungali unaongea. Kwa hiyo maneno yaliyokuwa yakisemwa wakati ule yalibaki ndani.

Leo Mama Kaunta alianza na brandi. Alipong'oa kizibo, sauti ya mwalimu mstaafu, mteja wa meza ya nguzo, ilitoka ikiwa katikati ya safari: "—sasa mimi nikamwambia mkuu wa shule, bwana, kama ni suala la chaki—" Ikaishia hapo.

Mama Kaunta aliinusa chupa. "Iko sawa. Haijaharibika."

"Na mwalimu?"

"Naye hajaharibika. Maneno mengi vilevile."

Ya pili ilitoa watu wawili wakibishania penalti. Wakati huo afisa wa afya alikuwa amekwisha kuingia na futi yake ya kupimia, anapima toka kiti hadi kiti. Alisimama, akasikiliza ile penalti mpaka mwisho, akafungua daftari.

"Hawa nao ni wateja?" aliuliza. "Maana mna ruhusa ya viti arobaini tu."

"Ni wa zamani," alisema Mama Kaunta. "Hawakai."

Afisa alifikiri. Alipekua waraka wake mbele na nyuma. "Wasiokaa hawahesabiwi," aliamua. "Ila wakianza kukohoa, mnijulishe." Akagonga mhuri, akaenda.

Saa tano na nusu Mama Kaunta alivaa miwani, akaegemea kaunta, akakunjua fomu. Alisoma kwa muda mrefu kuliko wanavyosoma watu wanaoulizwa habari za homa.

"Shemeji, hebu sogea. Wewe umesaini nini?"

"Homa."

"Homa utaipata sasa. Soma hapa."

Kizibo akasoma. Kifungu cha nne kilisema kwamba mwajiriwa anakubali kuwa yeye ni mfanyakazi mpya, hana utumishi wowote wa nyuma katika hoteli hii, na atakuwa katika majaribio kwa miezi mitatu, baada ya hapo itaamuliwa kama kazi anaiweza. Alisoma mara ya pili, kidole kikifuata maneno. Yeye ndiye aliyemfundisha Bosi Mdogo kushika trei, zamani, Bosi Mkubwa alipomtuma mwanawe ukumbini ajifunze kazi ya nyumba yao. Siku ya kwanza kijana alivunja bilauri kumi na nne. Kizibo alikwenda kwa mzee akamwambia trei ilikuwa na mafuta.

Aliingia jikoni, akavua barakoa ili asikike.

"Jamani. Mjinga ni mimi. Tumeajiriwa leo. Miaka yote tumeifuta wenyewe kwa mkono wetu, na kalamu niliwapa mimi."

 Mpishi ndiye aliyejibu kwanza.

"Kuhusu ujinga tulikuwa tunajua siku nyingi," alisema. "Tulikuwa tunakuheshimu tu." Kisha akarudi kwenye sufuria, na mabega yake yalikuwa yameshuka. Alikuwa na miaka kumi na saba ya kazi pale.

"Wewe hujasaini," Kizibo alimwambia shemeji yake, aliyekuwa amemfuata hadi mlangoni. "Usisaini. Baki hata wewe mmoja mwenye miaka."

"Nikibaki na miaka bila kazi, nitaipika?" alisema Mama Kaunta. Akarudi kwenye chupa zake.

Saa sita milango ilifunguliwa. Wateja wakaja. Wengine walikuwa wamenenepa, wengine wamekonda, wote walisita kidogo kizingitini kama watu wanaoingia ukweni. Halafu wakaona meza zilizonyooka na bilauri zinazong'aa, mabega yakalegea. Kizibo aliwapokea mmoja mmoja kwa cheo chake, akawavutia viti, akafungua bia mbele ya macho yao, na kila kizibo kilitua mfukoni. Pini ya suruali ilishika. Kama moyo ulikuwa umevunjika, ulikuwa umevunjika chini ya shati lililopigwa pasi, na hilo halikumhusu mteja.

Mwalimu mstaafu aliketi meza ya nguzo. Alipomiminiwa brandi, sauti yake ilirudi juu ya bilauri: "—kama ni suala la chaki—"

"Aa, ndiyo!" alisema mwalimu. "Kama ni suala la chaki, nitanunua mwenyewe, lakini kofi ulilompiga yule mtoto utalichukua mwenyewe." Wenzake wawili, ambao walikuwa wameingoja sentensi hiyo miezi kumi na sita, waligonga meza kwa kucheka.

Mjane wa fundi cherehani alikuja peke yake. Mumewe alikuwa mteja wa kila wiki, na ugonjwa ulimchukua mwezi wa tatu wa kufungiwa. Aliketi kwenye kiti cha mumewe akaagiza ramu. Chupa ilipoinamishwa, fundi alisikika akinong'ona: "Ongeza kidogo, mama, mke wangu hajui."

"Nilikuwa najua," alisema mjane. Akasukuma bilauri mbele. "Ongeza."

Mama Kaunta akaongeza.

Saa saba Bosi Mdogo aliomba utulivu. Alitaka kugonganisha bilauri na wageni, na kwa shughuli hiyo alichagua wiski ya marehemu baba yake, chupa ya kumi na moja, iliyokuwa bado haijang'olewa kizibo. Kizibo aliileta kwa trei, kitambaa mkononi, kama alivyokuwa akimletea mzee. Aling'oa kizibo.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya Bosi Mdogo mwenyewe. Alasiri ile ya kufunga alikuwa amepanda juu ya kiti, na ukumbi mzima ulikuwa ukimtazama.

"Wahudumu wangu, sikilizeni," ilisema chupa. "Tunafunga milango, hatufungi kazi. Hapa hakuna anayefukuzwa. Siku tutakayofungua, hata kama ni mwakani, kila mtu ataikuta nafasi yake palepale, na miaka yake yote. Naapa kwa kaburi la mama yangu."

Wahudumu walisimama wima na trei zao. Mpishi alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi. Wageni walisikiliza hadi neno la mwisho, kisha wakapiga makofi. Walipiga kwa muda mrefu. Mwalimu alisimama.

Bosi Mdogo alifuta macho. "Asanteni," alisema. "Ndivyo nilivyosema. Nilisema kutoka moyoni." Akanywa.

Makofi yalipotulia, Kizibo alimfuata hadi kaunta. Hakupaza sauti, ukumbi ulikuwa na wateja.

"Bosi, umejisikia?"

"Nimejisikia, Kizibo. Nimeguswa sana."

"Sasa zile fomu?"

"Fomu zimetoka kwa mwanasheria."

"Na yale maneno yametoka kwako."

"Hayo yametoka chupani," alisema Bosi Mdogo, kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni choo kilipo. "Maneno ya chupani hayana sahihi. Yako iko pale, kubwa, imepita mpaka mezani. Usilichukulie vibaya. Wote tunaanza upya. Hata mimi naanza upya."

"Wewe unaanza upya na hoteli."

 Bosi Mdogo alimgeukia Mama Kaunta. "Mama, imebaki yako tu. Bila sahihi siwezi kukuacha usimame hapo, bima hainiruhusu. Ni miezi mitatu tu. Tunaona kazi unaiweza, tunaendelea."

Mama Kaunta alikausha mikono kidole kwa kidole. Alimtazama shemeji yake, ambaye alikuwa anatikisa kichwa, akazitazama rafu alizozipanga asubuhi, lebo zote zimeelekea mbele kama gwaride. Akachukua kalamu. Sahihi yake ilikuwa fupi, imekaa ndani ya mstari. Akaupuliza wino, akamkabidhi bosi karatasi kwa mikono miwili.

"Umefanya la maana," alisema Bosi Mdogo, na akaiweka fomu pamoja na nyingine.

Mlango ukafunguka. Wakaingia makarani watatu wa benki ya jirani, wateja wa miaka kumi, wakanyunyizia mikono, wakaketi mezani kwao dirishani na kuinua vidole vitatu.

"Mama, kama kawaida!"

Kawaida zao zilikuwa tatu, hakuna iliyofanana na nyingine, na moja ilikuwa na masharti. Hazikuwa zimeandikwa popote. Kizibo alizijua nusu. Zote alizijua mwanamke mmoja. Mwalimu naye, aliyekuwa amemaliza brandi, aliinua kidole chake. Mjane akainua chake. Meza ya nyuma wakainua.

Mama Kaunta alisimama, mikono juu ya kaunta, haendi popote.

"Mama, umewasikia," alisema Bosi Mdogo. "Wape kawaida yao."

"Kawaida yao ipi, bosi?" alisema Mama Kaunta. "Mimi nimeanza kazi leo."