Mwezi wa Nusu Mshahara

Leonardi alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mke, watoto wanne, na sura mbili za tasnifu ya udaktari ambazo kwa miaka mitatu hazikuwa zimepata mdogo wao. Kusoma alianza ukubwani, madarasa ya jioni kule kambini Tanzania. Tangu warudi kwao Muyinga, Burundi, alifundisha sekondari kutwa nzima, jioni akasinzia juu ya karatasi.

Ndipo chuo kimoja cha Gitega kikamwandikia: njoo ufundishe siku mbili kwa wiki, siku zilizobaki uandike. Mshahara, nusu ya ule wa Muyinga. Walimpa wiki sita za kujibu.

Leonardi akasali novena, sala ya siku tisa. Siku ya tisa Mungu alinyamaza kama zile nane za kwanza. Mkewe, Adventina, akachoka kungoja.

"Baba Jeska, akili tumepewa ili tusimsumbue Mungu kwa kila kitu. Tuishi mwezi mmoja kwa nusu. Tukifika salama, nenda. Tusipofika, tasnifu uifungie sandukuni pamoja na suti ya harusi."

Nusu ya pili ikatiwa ndani ya kopo la maziwa, juu ya kabati, marufuku kuguswa. Mawese yakakatwa, sukari ikakatwa, nyama hata kuitaja. Maharage yalichemshwa na chumvi Jumatatu hadi Jumapili. Jirani yao Chabani, fundi cherehani, akaona mkanda wa Leonardi umeongezwa tundu.

"Mwalimu, siye tunafungaka Ramadhani, ila magaribi tunafuturu. We utafuturu mwaka gani?"

"Nikipata udaktari, Chabani."

"Basi leta iyo suruali niipunguze kabisa. Safari iko ndefu."

Wiki ya tatu Leonardi alitumwa Gashoho kusimamia mtihani. Alipotoka, moshi wa brosheti, mishikaki ya Ilyasi mchoma nyama wa sokoni, ukamkuta njiani. Akapita. Akarudi. Akasema moyoni, "Bwana, usinitie majaribuni," lakini wakati huo alikuwa amekwisha kukaa. Aliagiza mbili za mbuzi, akageukia ukuta, akafanya ishara ya msalaba ndogo kabisa, isionekane hata na Yule aliyekusudiwa.

Alikuwa kwenye ile ya pili aliposikia sauti kwenye meza ya mchuuzi wa pembeni: "Funga vizuri mama, yasinivujie."

Sauti hiyo aliijua. Akageuka. Adventina, aliyeaga asubuhi kwamba anakwenda kumtazama dada yake Anisia, mgonjwa, alikuwa amekumbatia chupa ya mawese.

Wakatazamana.

"Anisia hajambo?" Leonardi akauliza.

"Hajambo. Na mtihani, mgumu?"

"Una mifupa kidogo."

Adventina akacheka mpaka akakaa kwenye benchi. "Hela umetoa wapi?"

"Kwenye kopo. Na wewe?"

"Kwenye kopo! Nilipoona imepungua nikadhani nilihesabu vibaya."

Leonardi hakucheka. Akaweka kijiti mezani. "Basi tumeshindwa, mama. Kesho nitawaandikia Gitega kwamba siji."

Adventina akachomoa kipande cha mwisho cha nyama kwenye kijiti cha mumewe, akatafuna taratibu.

"Mwezi huu umeandika kurasa ngapi?"

"Hata moja. Ningeandika saa ngapi? Niko shuleni kutwa."

"Sasa tulijaribu nini? Umekula mshahara wa Gitega huku unafanya kazi ya Muyinga. Hata kibarua akilipwa nusu, halimi shamba zima!"

Siku tisa Leonardi alikuwa ameomba ishara. Hakutegemea ingefika na chupa ya mawese.

"Nenda," alisema Adventina. "Siku za kuandika ukichoka, jembe lipo. Lakini mafuta hayakatwi tena. Ikatwe sukari, anayeilamba ni wewe."

Leonardi akatoa kalamu ya mtihani na karatasi, akaandika palepale juu ya goti: *Ninakubali.* Akatia sahihi, akajifanyia msalaba, safari hii mkubwa, wa kuonekana na soko zima.

"Ilyasi, ongeza nne! Tunafuturu."

Ilyasi akatazama angani, akamtazama Leonardi kwa huruma.

"Mwalimu, jua iko bado juu."