Jibu la Hafsa

Bi Maimuna wa Bongwe hakuwahi kuitaja imani yake bila kutia inshallah. Ukimwuliza, "Wewe ni muumini?" atakujibu, "Mimi ni muumini, inshallah." Ndivyo marehemu mumewe alivyomfundisha: imani ni ya Mwenyezi Mungu kuikubali, mja asijihukumie mwenyewe. Na Hafsa, mjukuu wake, alimlea kwa jibu hilohilo tangu akiwa hajajua kufunga leso.

Ustadhi Swabir alipokuja kuwasomesha kina mama, jibu hilo lilimkera.

"Inshallah ni ya safari, Bi Maimuna," alimwambia mbele ya wenzake. "Kwenye imani ni shaka. Sema, hakika."

Wanawake wakachekea mitandioni. Dama, jirani yake, akamchokoza: "Shoga, hata kaimati zako ukiulizwa kama zimeiva, wasema inshallah!"

Bi Maimuna akacheka nao. Jibu lake hakulibadilisha.

Kisha Hafsa akaenda arusini Funzi, akarudi si yeye. Alikaa akiikodolea pembe ya chumba, hali, hanywi, na akizungumza ilitoka sauti nzito ya mtu mzima. Ustadhi akaitwa baada ya Alasiri. Akasoma, akamnyunyizia maji, akasoma tena hadi kanzu ikamganda mgongoni. Kile kilichokuwamo kikalia, kikaapa kwamba kinatoka. Hafsa akaketi wima, akautengeneza mtandio wake, akasema kwa sauti yake mwenyewe:

"Shikamoo, Ustadhi."

"Marahaba. Haya, nijibu. Wewe ni muumini?"

"Mimi ni muumini. Hakika."

"Huna shaka?"

"Sina hata chembe."

"Alhamdulillahi!" Ustadhi akaifunika chupa yake ya maji. Dama akapiga kigelegele.

Bi Maimuna peke yake hakusogea mkekani. Alikuwa akiyatazama macho ya mjukuu wake. Hayakupepesa tangu alipoketi.

"Hafsa, mama," akasema, "hebu nijibu mimi kama ulivyozoea. Wewe ni muumini?"

"Hakika."

"Malizia."

"Nimemaliza."

"Inshallah, mwanangu. Sema."

Binti akatabasamu. "Ustadhi amesema hiyo ni shaka. Mimi ninajijua, bibi. Wewe ndiye hujijui."

"Bi Maimuna, usimtie mtoto wasiwasi," akasema Ustadhi. "Amepona."

"Huyu si Hafsa."

"Una hakika?"

Bi Maimuna akalipima swali. Akikosea, atakuwa amemwita mjukuu wake shetani mbele ya watu, na neno hilo halitamtoka binti maisha yake yote. Na kama hajakosea, wakiondoka sasa, Hafsa atabaki humo ndani na hapana atakayemtafuta.

"Sina hakika, Ustadhi," akasema. "Ninaogopa kukosea. Lakini tafadhali usiondoke."

Akaishika mikono ya binti. Ilikuwa baridi kama mtungi. Akamwuliza tena, na tena. Kila mara jibu likawa "Hakika," kila mara kwa nguvu zaidi, hadi vifuniko vya sufuria vikatetemeka jikoni. Bi Maimuna hakupaza sauti. Aliishusha, kama alivyokuwa akimbembeleza Hafsa mchanga alale.

"Wewe ni muumini, mama?"

Mdomo wa binti ukabaki umefumbwa kabisa. Sauti ikatokea ndani yake, mbali sana, nyembamba, kama ya mtu aliye chini ya kisima:

"Inshallah, bibi."

Chupa ikamponyoka Ustadhi. Akapiga magoti, akaanza kusoma upya. Alipofika mwisho, mikono ya Hafsa ilikuwa na joto. Akaomba maji, akanywa akijimwagia kifuani, akilia na kupepesa macho.

"Kimetoka?" akanong'ona Dama.

"Kimetoka, inshallah," akajibu Bi Maimuna.

Nje, nyuma ya jiko, ambako hapakuwa na mtu, sauti nzito ikaitikia:

"Hakika."

Ustadhi akainuka, akafunga mlango, akatia komeo. Kisha akarudi mkekani, akaketi ubavuni mwa Bi Maimuna, karibu kuliko alivyopata kuketi.

"Soma nami, mama," akasema.