Kitufe cha Kuamsha Sauti

Kompyuta ya redio yetu inatumia mfumo wa Linux, na mimi ndiye msimamizi wake. Zamani sauti ikikatika hewani, ni mimi tu niliyekuwa na paswedi ya kuiwasha upya. Niko kwa msusi, simu. Niko msibani, simu. Nilipopata mimba nikasema hapana, mtoto huyu hatazaliwa huku namwelekeza mtu pa kubonyeza.

Nikatengeneza menyu yenye vitufe vichache, kila kitufe na amri yake moja ya msimamizi: amsha sauti, futa foleni ya printa, hifadhi nakala. Mtangazaji akibonyeza, kompyuta inamtii kama inavyonitii mimi, ila kwa hayo tu. Kufuta mafaili ya wenzake hawezi.

Mkurugenzi akanuna. "Unampa kila mtu funguo za nyumba?"

"Nawafungulia jikoni tu, bosi. Chumbani hawaingii."

"Haya. Ila sauti ikikatika wakashindwa, menyu naitoa, na likizo yako ya uzazi tutaikatisha."

Niliyeanza kumfundisha ni Mama Habari, msomaji wetu mkongwe wa taarifa, ambaye kipanya hukishika kama kitamng'ata. Nilimkatia sauti makusudi, tena na tena, aiamshe mwenyewe.

"Mwanangu, utanitoa roho," alilalamika, akiinamia kioo cha kompyuta. "Lakini mtaka cha uvunguni sharti ainame." Akabonyeza.

Jana mchana nilikuwa kitandani, mtoto ananyonya, mama yangu amewasha redio. Katikati ya taarifa, kimya. Nikanyoosha mkono kuchukua simu, mama akaisogeza mbali.

"Si uliwafundisha? Basi waache."

Rahisi kusema. Likizo yangu yote ilikuwa ndani ya kimya kile.

Kisha redio ikakwaruza, na Mama Habari huyo, sauti haitetemeki hata kidogo: "Wasikilizaji, sauti ilisinzia kidogo. Nimeiamsha. Tunaendelea."

Madaha aliyosema nayo! Nilicheka huku machozi yananitoka. Najivuna, ndiyo, na simwombi mtu radhi.

Simu ikaita. Mkurugenzi.

"Hongera! Umeitengenezaje haraka hivyo ukiwa nyumbani?"

Nikamtazama mwanangu, maziwa yamemjaa shavuni.

"Mimi sijagusa kitu, bosi. Nilikuwa nanyonyesha."