Viatu vya Bwana Renier

Siku ya pili baada ya vita, padri wa Aubrinoy alipita mlango kwa mlango akiwataka watu watoke na majembe wakazike. Maroie, mjane wa msaga ngano, hakuhitaji kuambiwa. Shamba lilikuwa lake. Wiki moja nyuma alikuwa amepanda ngano pale, mvua ikanyesha siku tatu mfululizo, na juu ya mbegu zake Waingereza na Wafaransa wakaja kuchinjana.

Alijifunga kitambaa puani, kisimsaidie kitu. Haikuwa harufu ya damu tu. Waingereza walikuwa wamefika wakiharisha, na wapiga mishale wao walipigana wamevua suruali, wanajisaidia papo hapo waliposimama. Wafaransa nao walizama kwenye tope na machuma yao mwilini. Aliyeanguka mbele akakanyagwa na wa nyuma, na wengi walikufa bila hata mkwaruzo, vinywa vimejaa udongo wa Maroie. Hiyo ndiyo fahari ambayo mabwana huimbiwa wakiwa mezani. Akatema mate.

Lakini kilichomtia kinyaa kuliko vyote ni watu wa kijijini kwake. Walimtangulia tangu jana na magunia, na sasa maiti walikuwa uchi, weupe kama kuku walionyonyolewa. Colart, ndugu wa marehemu mumewe, mtu mrefu mwenye kovu kidevuni, alikuwa amechuchumaa akikata kidole cha mtu kwa kisu cha kuchinjia nguruwe, maana pete ilikataa kutoka. Miguuni amevaa viatu vya ngozi nyekundu vinavyofika magotini, ambavyo havikuwa vyake.

Maroie alimuuliza kama haoni haya. Colart hakuinua hata kichwa. Mwezi wa nane watu wa mabwana hao walimchukulia maksai wake wawili, wakidai ni wa vita, na hakuwaona tena.

"Nyama walikula wao, shemeji," alisema. "Mimi nachukua ngozi."

Maroie alimpa mgongo, akaenda kuanza kuvuta maiti kutoka kwenye rundo lililokuwa karibu na ua wa miti. Alipomvuta wa tatu, mkono ukamshika kifundo cha mguu. Chini kabisa alilala mwanamume aliyebakiwa na shati tu, paja limepasuka, midomo inacheza. Alikuwa anaomba maji.

Colart aliona, akaja na nyundo yake ya mti, ile ya kupigilia vigingi.

"Sogea, shemeji."

"Mbona yu hai huyu?"

"Ndiyo maana nakwambia sogea."

Kisha akamweleza kwa sauti ya chini. Viatu vile alimvua mtu huyu jana, akidhani amekufa. Alipokuwa akivuta cha pili, jamaa akafumbua macho, akamtazama usoni vizuri. Colart akaogopa, akavuta maiti wawili na kumfunika nao, akijua usiku utammaliza. Usiku haukummaliza.

Maroie alisikiliza mpaka mwisho, kisha akajilaza juu ya yule mtu, hapohapo kwenye uchafu, akamwambia shemeji yake kama ni kupiga, aanze na yeye. Colart aliishusha nyundo yake. Hakuwa mtu katili. Siku zote alikuwa mtu wa mizaha tu, na hata sasa alijaribu kucheka. Akaondoka.

Maroie alimsukuma mgonjwa kwa toroli mpaka nyumbani, kwenye kinu cha maji. Alimwosha. Alimtoa funza pajani mmoja mmoja, akamtoa chawa, akamsugua kucha zilizoganda damu. Alimlisha uji wa shayiri na maziwa ya mbuzi wake wa pekee. Siku ya nne akaweza kusema: yeye ni Renier, bwana wa Maucreux. Neno lake la pili lilikuwa kwamba nyasi za godoro zinanuka.

Siku ya sita akauliza habari za mtu mrefu mwenye kovu kidevuni. Maroie akasema hamjui. Bwana Renier akatabasamu, na tabasamu lile lilimkaa Maroie rohoni vibaya. Akapiga magoti kando ya kitanda, akamwomba, badala ya zawadi yoyote, awasamehe watu wa Aubrinoy. Bwana akaapa kwa Mama wa Mungu kwamba hatamgusa mtu.

Siku ya tisa ndugu zake wakaja na farasi. Kijiji kizima kilitoka kuvua kofia, kwa kuwa asiyetoka huonekana ana jambo. Colart naye alikuwemo, nyuma, na kwa kuwa baridi ilikuwa kali na mwenyewe hakuwa na viatu vingine, alikuwa amevaa vilevile, amevipaka tope.

Bwana Renier hakupandisha sauti. "Yule," alisema.

Walimvua viatu kwanza, kisha wakamtundika kwenye mti wa mjozi ulio kando ya kinu. Mkewe, Aelis, alishikwa mikono na majirani. Maroie alikamata hatamu za farasi wa Bwana Renier.

"Uliapa, bwana."

"Niliapa juu ya watu, mama. Huyo ni mwizi wa maiti."

"Maiti gani? Wewe si u hai?"

Mtumishi alimletea viatu vyake. Akaviinua, akanusa ndani, akakunja uso. Mguu wa mkulima ulikuwa umelala mle siku kumi. Akavitupa kwenye mfereji wa kinu, vikaenda na maji. Kisha akainama juu ya tandiko, akamnyooshea Maroie mkono aubusu, ishara ya shukrani.

Maroie aliutazama. Ulikuwa safi, kucha nyeupe. Akatapika mbele ya kwato za farasi. Bwana Renier alidhani ni ugonjwa, akaamuru apewe kikombe cha mvinyo, na msafara ukaondoka.

Padri alikataa Colart azikwe kwenye ardhi ya kanisa. Maroie ndiye aliyepanda mti akakata kamba, na jioni ile yeye na Aelis wakachimba kaburi nyuma ya bustani ya kabichi. Udongo ulikuwa mzito, unang'ang'ania jembe.

"Ulikuwa unampa nini yule bwana?" Aelis aliuliza hatimaye.

"Uji wa shayiri."

"Na maziwa?"

Maroie aliacha kuchimba. "Na maziwa."

Aelis akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu sokoni, akashuka tena shimoni.