Honi Iliyokuwa Nzito

Jumanne saa nne asubuhi, dereva wa kiwanda cha nyuzi na mpakiaji wake walishusha spika ya honi mbele ya karakana ya fundi spika. Ni spika ambayo mtu huibeba kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kikombe cha chai. Hii waliibeba wawili, wakihema.

"Dada, imeongezeka uzito," dereva alisema. "Imeng'oa skrubu ukutani."

"Hutokea," fundi alisema, akawaonyesha pa kuiweka.

Aliijua vizuri. Kwa miaka tisa baba yake, msimamizi wa zamu aliyeitwa Besi kwa unene wa sauti yake, alitangazia kwenye honi hiyo. Aliandika barua tatu kuomba yenye koo pana. Wakubwa wakaijaribu hii hii kwa tarumbeta ya bendi ya kiwanda, ikasikika hadi barabarani, wakaridhika. Kisha ghala likaungua. Watu wanne hawakutoka, na yeye akawa wa tano. Ripoti ikasema msimamizi hakutoa tangazo lolote. Tangu hapo mama hununua mkate mtaa wa pili, ambako hawamjui.

Fundi aliipima kama anavyopima zote, kwa kanda yake ya zamani. Tarumbeta ilitoka kali kuliko ilivyopulizwa. Filimbi ilitoka safi. Mwanamke msoma habari alisikika hadi anavyomeza mate. Zeze lilitoka na mafua. Ngoma ilitoa kofi la ngozi tu, tumbo lake likabaki ndani, na gitaa la besi halikutoka kabisa. Huo haukuwa ubovu. Koo jembamba halipitishi sauti nene. Ilibaki kuzitoa sauti nene zilizokwama ndani.

Akafungua koo kwa bisibisi. Kwanza ikatoka ngoma ya kumuaga mkurugenzi, ikabingirika chini ya meza, ikatulia. Ikafuata miungurumo ya mashine, akaifagia nje. Mwisho akatoka baba.

"Jamani, ghala linawaka. Tokeni kwa mlango wa nyuma. Wa mbele umefungwa."

Alisema hivyo mara kumi na moja, akikohoa. Mara ya kumi na mbili aliuliza, "Mbona hamtoki?"

Fundi alilia sana. Kisha akapiga simu.

Ofisa usalama aliyeandika ripoti alikuja mwenyewe, akavua kofia, akasikiliza zote kumi na mbili akiwa amesimama.

"Ni Besi kabisa," alisema.

"Basi rekebisha ripoti, mzee."

"Mwanangu, ripoti imeshapigwa mhuri. Na sisi tuliandika kilichosikika." Akavaa kofia. "Saa nane itakuwa tayari? Msimamizi mpya anaanza leo."

"Ana sauti gani?"

"Nene, nzuri. Watu wanamfananisha na baba yako."

"Basi hii haimfai. Wekeni yenye koo pana."

"Tutaijaribu hii kwanza," ofisa alisema. "Mpiga tarumbeta bado yupo."

Saa nane dereva aliibeba kwa mkono mmoja. Baba alihamishiwa kwenye spika kubwa ya mbao sebuleni kwa mama, anakoenea bila kujibana. Kila akiuliza mbona hawatoki, mama humjibu kutoka jikoni, "Tumekusikia, baba watoto." Mkate bado anaununua mtaa wa pili.

Wiki ya tatu dereva alirudi na honi. Alikuja na mpakiaji wake, na waliibeba wawili.