Nani Waziri Mkuu Saa Hii

Siku ile serikali ilipoundwa, baba yangu alikuwa anapimwa akili hospitalini, na mpaka leo sijui kati ya baba na serikali ni nani aliyekuwa amechanganyikiwa zaidi. Mimi mwenyewe sikuwa mzima sana. Kichwa kilikuwa kinanizunguka tangu asubuhi.

Baba, Malachy Devaney, alikuwa amelazwa kwenye hospitali ya kaunti kwa ajili ya kifua. Kifua kilipona vizuri. Tatizo ni kwamba alimwambia muuguzi anaomba viatu vyake akakamue ng'ombe, na ng'ombe wenyewe tuliwauza zamani. Basi ikaamuliwa kwamba kabla hajaruhusiwa kurudi kwake Drumcashel, lazima apimwe. Akifaulu, anarudi nyumbani, nami nitakuwa nampitia kila jioni nikitoka kazini. Akishindwa, kuna kitanda kinamsubiri kwenye nyumba ya wazee, kaunti nyingine kabisa, mahali ambapo hamjui hata mtu mmoja. Kaka yangu Enda alipiga simu kutoka Australia akaniambia nisijisumbue, nikubali tu hicho kitanda. Ni rahisi kuwa na busara ukiwa Australia. Mimi nilikuwa nimeshamwahidi baba kwamba atalala kwenye kitanda chake mpaka mwisho, na sikutaka kuvunja ahadi yangu.

Sasa, kuhusu nyumba yetu. Vyama vikubwa nchini kwetu ni viwili, na viligombana miaka mia iliyopita, ndugu kwa ndugu, kwa bunduki, juu ya mkataba na Waingereza. Mkataba umekuwa mzee, ugomvi ukakataa kuzeeka. Baba alizaliwa ndani ya kimoja, na kwetu chama hicho kiliitwa "sisi". Kile kingine kiliitwa "wale". Na mama yangu, Nonie, Mungu amrehemu, alikuwa wa wale. Baba alimwoa hivyo hivyo. Kila uchaguzi walipanda gari moja, baba akawapigia kura sisi, mama akawapigia wale, kura zikauana palepale, wakarudi nyumbani kunywa chai. Tangu tumzike mama, baba hajaacha kupiga kura, ila husema haina utamu tena, maana hakuna wa kuifuta.

Uchaguzi wa mwaka huo sisi hawakupata viti vya kutosha, na wale pia hawakupata. Wakajifungia vyumbani huko Dublin, mji mkuu wetu, wiki nenda wiki rudi, mwisho wakatoka na kusema watatawala pamoja. Keohane, mtu wa sisi, awe Waziri Mkuu nusu ya kwanza. Hanratty, mtu wa wale, ambaye ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu tayari, ashuke awe naibu. Halafu katikati ya safari wabadilishane viti. Na kwa kuwa hata wakijumlishwa walipungukiwa kidogo, wakawachukua wabunge wachache wasio na chama. Mmoja wao ni Colman Ruttledge, dalali wa mnadani, jirani ya baba, mpaka kwa mpaka. Colman alikuwa ameahidiwa uwaziri. Uwaziri wa nini, hakuna aliyejua, hata Colman mwenyewe.

Asubuhi hiyo nikipita njia panda ya Drumcashel kwenda hospitali, niliwakuta watu wanarundika mbao na matairi chakavu. Kwetu mtu akipata uwaziri lazima moto mkubwa uwashwe njia panda, tena waliomnyima kura ndio huleta tairi kubwa zaidi. Nikasimamisha gari nikawauliza Colman amepewa wizara gani. Fundi wa matrekta akanijibu kwamba moto haujali wizara. Nikaondoka nikiwa sijaelewa lolote.

Aliyempima baba ni Daktari Sadaf, mwanamke wa makamo kutoka Lahore, mpole, mwenye macho ya mtu aliyekosa usingizi. Pembeni alisimama Attracta Gormley, muuguzi, ambaye nilisoma naye na ambaye hajawahi kukubali kwamba mtu mwingine anajua kitu. Baba alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, amechana nywele, redio yake ndogo mapajani. Daktari akamwambia akumbuke jina na anwani, kwamba atamuuliza baadaye: Peadar Coyle, Mtaa wa Kanisa, namba saba. Kisha maswali yakaanza. Mwezi alipata. Kuhesabu kurudi nyuma alipata, akaongeza na mbwembwe. Yule Peadar alipoulizwa, alimtaja na mtaa wake. Tarehe alikosa. Jina la hospitali alikosa, akataja ile iliyobomolewa. Attracta akanisogelea akaninong'oneza kwamba amebakiza alama moja tu kuvuka, na swali lililobaki ni moja pia. Nikashika kitanda kwa nguvu.

"Mzee Malachy," daktari akasema, "Waziri Mkuu wa nchi ni nani?"

Baba akafikiri. "Saa ngapi sasa?"

"Jibu tu swali, Mzee wangu."

"Siwezi kulijibu bila saa."

Nilikuwa nimesoma kwamba watu wanaopoteza kumbukumbu hukwepa hivyo hivyo, wanakurudishia swali kwa tabasamu. Daktari naye alionekana amesoma hayo hayo, maana alinitupia jicho la huruma.

"Sikiliza, Daktari," baba akasema, kwa subira ya mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Jana alikuwa Hanratty, wa wale. Leo asubuhi Bunge limempigia kura Keohane, wa sisi. Lakini Keohane si kitu mpaka Rais ampe muhuri mkononi. Kama yuko barabarani, basi bado ni Hanratty. Kama ameshapewa, ni Keohane. Na katikati ya safari Keohane atamrudishia Hanratty. Wewe nipe saa, mimi nikupe jina."

"Sisi ni akina nani?"

"Sisi ni sisi, na wale ni wale. Ila kuanzia leo wale ni sisi."

Daktari akaandika, na akaandika sana. Nilitamani baba anyamaze, lakini alikuwa ameshakolea. Akamweleza kwamba jirani yake ni waziri ila si waziri: atakaa meza moja na mawaziri wote, atasikia kila siri, lakini wakifika kwenye kuamua mikono yake ibaki mapajani, hana kura. Na kwamba wenzake Colman wawili wameingia serikalini lakini wanadai wakae kwenye viti vya upinzani, ili waweze kuilalamikia serikali wakiwa ndani yake.

Daktari akaweka kalamu chini, akaniambia taratibu, "Dada, unaona mwenyewe."

"Daktari, ni kweli yote," nikasema. Halafu nikasita. "Hilo la Colman sina hakika nalo."

"Sawa. Basi niambie wewe. Waziri Mkuu ni nani sasa hivi?"

Nikajibu Keohane, si Bunge limeshapiga kura. Attracta akaguna, akasema sijui kitu, ni Hanratty mpaka jioni, tena hata kesho kwa jinsi wale watu wanavyojivuta. Tukaanza kubishana kama tuko darasani. Mzee wa kitanda cha pili akaamka, akauliza kuna nini, akaambiwa, akataja kwa uhakika mkubwa mtu aliyekufa mimi nikiwa shule ya msingi. Tukamwacha.

Daktari Sadaf akatuangalia mmoja mmoja. Akasema kwao Lahore serikali za mseto anazijua, zinavunjika kabla hujashika majina, lakini hii ya kubadilishana kiti kwa miadi hajawahi kuiona. Akakiri kwamba na yeye, tangu asubuhi, alikuwa na jibu moja tu kichwani, la Hanratty, kwa sababu ndilo alilolizoea. Kisha akainuka akashika kiti cha baba kwa mikono yake, akakisukuma hadi chumba cha mapumziko, kwenye televisheni. Sisi tukafuata nyuma kama msafara.

Televisheni ilikuwa inaonyesha geti la nyumba ya Rais, na mvua ya Dublin. Gari la Keohane lilikuwa limeshaingia ndani. Tukakaa. Mtu akatuletea chai na mkate wa siagi. Attracta akashikilia kwamba kinachohesabika ni sahihi, si muhuri. Mimi nikashikilia kwamba zote mbili hazihesabiki, Bunge ndilo Bunge, ingawa kwa kweli nilikuwa nimeshapoteza imani na kila nilichokuwa nakijua. Nilichokitaka ni jina moja tu, lolote, baba alitamke na wao waliandike. Baba alikula mkate wake, macho kwenye kioo, ametulia kuliko wote.

Picha ikahamia ndani. Meza ndefu, kalamu, kisanduku kidogo. Rais akakichukua, akakikabidhi.

"Sasa," baba akasema. "Keohane." Akamgeukia daktari. "Andika upesi, kabla hawajabadilishana."

Attracta alicheka mpaka akamwaga chai. Daktari akafuta alichokuwa amekiandika, akaandika upya, akampa baba alama yake. Akamwambia amefaulu, na kwamba waliofeli ni sisi wengine. Mimi nilitoka kwenye korido nikalia kidogo, kwa furaha, nikampigia Enda nikamwambia baba anarudi kwake na kile kitanda wampe mtu mwingine. Enda akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia daktari ana uhakika, na nikakata simu kabla hajaongeza neno.

Njiani baba alikuwa mchangamfu kama mtu anayerudi kutoka mnadani amepata bei nzuri. Redio ikasoma majina ya mawaziri, na kumbe la Colman lilikuwa kweli neno kwa neno: meza anayo, kura hana. Amegawanywa kwenye wizara tatu, na hata mtangazaji alirudia mara mbili kuzitaja. Baba akapandisha nyusi kunionyesha kwamba alisema.

Mbele kidogo akasema, "Peadar Coyle. Mtaa wa Kanisa, namba saba. Huyo ni nani hasa?"

"Si mtu, Baba. Ni jina la mtihani tu. Wanampa kila mgonjwa."

"Maskini," akasema. "Wanalazimisha watu wote wamkumbuke, na mwenyewe hayupo."

Tulipokaribia Drumcashel tukauona moto. Walikuwa wamewasha mapema, mchana kweupe, hawakuwa na subira ya kungoja giza. Siku ilikuwa kavu, yenye upepo, na matairi yalitoa moshi mweusi ulioinama kuelekea mlimani, upande wetu. Watu wakatupungia mikono. Wa sisi na wa wale walisimama wamechanganyika, kila mmoja na chupa yake, na nyuso zao zilionyesha wazi kwamba hawajui wanamshangilia nani. Fundi wa matrekta akapiga kelele kwamba tumepata waziri. Baba akashusha kioo, akawapungia kwa heshima zote kama yeye ndiye aliyeteuliwa.

"Sisi na wale, nyumba moja," akaniambia akipandisha kioo. "Dublin wamechelewa sana. Mimi na mama yako tulianza siku ya harusi."

Nikacheka. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo kwa miezi mingi. Nilimwona tayari ameketi kwenye kiti chake karibu na jiko, redio ikiguna, nami nikiingia jioni na mikate.

Baba alikuwa amegeuza shingo anautazama moshi. "Goretti, ongeza mwendo kidogo," akasema. "Mama yako ameanika nguo, na ule moshi unaelekea nyumbani."

Nikamtazama nione kama anatania. Baba akitania, pembe moja ya mdomo hupanda. Haikupanda. Alikaa wima na koti lake safi, begi la hospitali mapajani, anangoja nitii. Kichwa changu kikapitia maswali yote ya daktari, la mwezi, la kuhesabu, la Waziri Mkuu, na hakuna hata moja lililomuuliza mke wake yuko wapi. Kwenye kioo cha nyuma niliiona barabara ya kurudi hospitali, nyeupe, haina gari.

"Sawa, Baba," nikasema, nikakanyaga mafuta.