Miche Iliyojua Kusindikiza

Ijumaa ile Mwalimu Veronika alifika shuleni mvua ikinyesha, kama kawaida ya Kisondela, akakuta bustani ya darasa la sita haina hata mche mmoja. Mashimo yalikuwepo, na matope yalikuwa na alama za mizizi iliyoburutwa kuelekea barabarani. Hakupiga yowe. Alijua miche imekwenda wapi, maana Ijumaa darasa la sita huchuma chai kwa Mzee Meshaki, mwenyekiti wa kamati ya shule. Kilichomkata maini ni kwamba mkaguzi alikuwa anakuja siku hiyohiyo.

Mwalimu Mkuu alikwishamwonya. Hizi ni enzi za ruksa, alisema, wanunuzi binafsi wanagombania chai, na ardhi ya shule haiwezi kukaa bure. Mkaguzi akikuta bustani haieleweki, kiwanja kitapandwa chai. Kuhusu watoto kwenda kuchuma, alisema samaki mkunje angali mbichi. Chai ile ilichumwa kwa faida ya shule, ingawa faida yenyewe shule haikuwahi kuiona.

Veronika alikipenda kiwanja kile kuliko nyumba aliyopanga. Alitoka Singida, ambako mti huombwa kwa Mungu kama mtoto, akapangiwa kazi Rungwe, ambako ukichomeka fimbo mlangoni inachipua. Alishikwa na wazimu wa furaha. Siku za mwanzo aliwafundisha watoto kumwagilia asubuhi na jioni kama kwao, nao kwa heshima wakamwagilia huku mvua inawanyeshea, mpaka mwenyewe akacheka. Baadaye, walipohamisha miche ya parachichi kutoka kwenye viriba vya nailoni, alimpa kila mtoto mche wake na kuwaambia waitunze kama jirani. Watoto wa kule hawampiti jirani kimya. Kila asubuhi waliinama, wakasema "Ugonile", wakaiuliza miche imelalaje.

Miche ikakua na adabu zake. Masika yalipokolea ilianza kuwasindikiza watoto jioni hadi darajani, kisha inageuka na kurudi kwenye mashimo yake. Bibi Atuganile, aliyekuwa anamlea mjukuu wake Tulia, alipishana nayo njiani akiwa na mzigo wa ndizi, akaenda moja kwa moja kwa mwalimu.

"Ndaga, asante mwalimu. Mmeilea vizuri," alisema. "Mtu umsalimie kila siku, asikusindikize? Ila huu wa Tulia unavuka daraja. Unanikanyagia maharage."

Veronika aliomba radhi, na Tulia akaukanya mti wake. Ukawa unaishia darajani kama mingine.

Mkaguzi, Bwana Emiliani, alishuka kwenye Landrover akiwa amevaa mabuti ya mvua. Aliyatazama mashimo.

"Bustani iko wapi, mwalimu?"

"Imekwenda kuchuma chai, bwana mkaguzi."

"Basi twende huko."

Shamba la Mzee Meshaki lilikuwa ng'ambo ya mto, na safari hii miche yote ilikuwa imevuka daraja. Watoto walikuwa katikati ya matuta, mifuko ya nailoni vichwani, vikapu migongoni, vidole vimeshakuwa vyeusi kwa utomvu, wakikata majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Nyuma ya kila mtoto ulisimama mparachichi wake, umeinamisha majani juu yake ili mvua isimpige sana. Mtoto akisogea, nao ulisogea.

Veronika aliona hapo ndipo pa kusema.

"Saa hizi walitakiwa wawe kwenye hesabu."

"Naona," alisema mkaguzi. Aliinua jani la mti wa Tulia, akaligeuza, akachuchumaa kuchungulia mizizi. Tulia aliacha kuchuma akasimama wima, kama anakaguliwa yeye. "Mizizi safi kabisa. Shule nyingi nimekuta miche imekauka na ng'ombe wanajilia. Ya kwenu inahudhuria."

Mzee Meshaki, aliyekuwa amesimama kando ya matuta, alitabasamu kama mtu ambaye ng'ombe wake amezaa mapacha.

"Kiwanja kisiguswe," mkaguzi alimwambia. "Miti ikitoka kazini lazima iwe na pa kulala. Na huku kilima kinamomonyoka, kinahitaji miti. Watoto wawe wanakuja na Jumatano."

Veronika alifurahi. Kusema kweli alifurahi mno, kisha akaona haya kwamba amefurahi.

"Mwalimu, bustani yetu imepona?" aliuliza Tulia.

"Imepona, mwanangu."

"Na hesabu ya Jumatano?"

"Nitawafundisha jioni, mkirudi."

"Jioni tunasinzia, mwalimu," alisema Tulia, bila kulaumu, akarudi kuchuma.

Jumatano darasa la sita lilishuka kuelekea mtoni, miche nyuma yake mmoja mmoja. Veronika alibaki bustanini na darasa la tano, ambao nao walikuwa wamepata viriba vyao. Udongo ulikuwa mweusi, laini, umejaa nyungunyungu. Watoto walipiga kelele za furaha kila jembe lilipozama, naye akavua viatu akaingia matopeni pamoja nao. Alikuwa anamwonyesha mmoja jinsi ya kuchana kiriba bila kukata mzizi alipomsikia Mzee Meshaki akisalimia kwa uchangamfu barazani. Mzee alikuwa anashusha vikapu vipya, vidogo kuliko vile vya darasa la sita.